Bango likivuka mlango wa ofisi ya mkuu wa wilaya: sheria inasemaje?

Msimu wa korosho ukifunguliwa, simu zinazoingia studio hubadilika. Salamu na maombi ya nyimbo hupungua, maswali ya malipo huongezeka. Na malipo yakichelewa, iwe Nachingwea au Ruangwa, huja swali moja kwa maneno tofauti tofauti: tukienda wote ofisini kwa DC na mabango yetu, tukakaa pale mpaka tusikilizwe, tutakuwa tumevunja sheria gani? Ofisi ile si ya serikali, na serikali si yetu?

Hewani huwa tunalijibu kwa dakika mbili tatu, halafu muda wa taarifa ya habari unafika. Hapa tuna nafasi, kwa hiyo tulichambue taratibu, maana jibu linategemea umesimama wapi. Barabarani kuna sheria yake. Ukivuka geti, kuna nyingine. Ukiingia korido na kukaa kwenye benchi nje ya mlango wa mkuu wa wilaya, uko chini ya sheria ya tatu, na huko ndiko wengi wanakamatwa bila kujua kosa lenyewe linaitwaje.

Tuanze barabarani

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara ya 20 inampa uhuru wa kukutana na wenzake kwa amani na kutoa mawazo hadharani. Ibara ya 21 inakwenda mbele zaidi: mwananchi ana haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye na maisha yake. Hizi tatu ndizo watu huzinukuu. Inayosahauliwa ni ibara ya 30, inayosema haki hizo zisitumike kwa namna ya kuingilia haki za wengine au maslahi ya umma, na inayoruhusu Bunge kutunga sheria za kuziwekea mipaka.

Zamani, aliyetaka kufanya mkutano wa hadhara au maandamano alipaswa kuomba kibali kwa mkuu wa wilaya. Hayo yalibadilika katikati ya miaka ya 1990, Mchungaji Christopher Mtikila alipoishitaki Serikali. Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliona kwamba haki ambayo lazima uiombe kwa kiongozi wa serikali, na anayeweza kukunyima, inakuwa haki ya jina tu. Sheria ya Jeshi la Polisi ikabadilishwa. Leo kinachotakiwa ni taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo husika, walau saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na lengo la mkusanyiko.

Lugha ya kibali lakini haijafa. Utawasikia hata viongozi wakisema "hawa hawana kibali". Kwa mujibu wa sheria, unatoa taarifa, huombi ruhusa.

Hiyo ni karatasi. Katika utekelezaji, polisi wana mamlaka ya kuzuia mkusanyiko wakiona utahatarisha amani, na wameyatumia sana. Kuanzia Juni 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nchi nzima, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio hilo tarehe 3 Januari 2023. Mwaka uliofuata tuliona sura mbili za polisi wale wale. Januari 24, 2024, Chadema waliandamana Dar es Salaam hadi ofisi za Umoja wa Mataifa, polisi wakiwasindikiza, na kila mtu akarudi nyumbani. Septemba 23 mwaka huo huo chama hicho kilipotaka kuandamana tena, polisi walizuia na viongozi wake wakuu walikamatwa.

Ukizuiwa, sheria inakuruhusu kukata rufaa kwa Waziri. Kwa chama chenye mawakili Dar es Salaam hilo lina maana. Kwa mkulima ambaye mnada wake ni keshokutwa, rufaa ya kwenda Dodoma haimsaidii kitu.

Ukivuka geti

Sasa tuseme wanachama 30 wa AMCOS moja wanaodai malipo yao wanaamua kwenda ofisi ya mkuu wa wilaya. Hawana fimbo, hawana jiwe, wana mabango matatu ya maboksi. Wanaingia getini, askari anawaruhusu kwa sababu ofisi iko wazi kwa wananchi. Wanaambiwa mkuu yuko safarini. Wanasema hatuondoki mpaka atujibu, hata kwa simu.

Mpaka walipoingia getini hawakuwa na kosa. Swali linaanza pale wanapoambiwa waondoke na wakabaki.

Kanuni ya Adhabu ina kosa linaloitwa kuingia kwa jinai. Wengi wanadhani linahusu mtu aliyeruka ukuta au kuvunja mlango. Lina upande wa pili: mtu aliyeingia mahali kihalali, kisha akabaki hapo isivyo halali kwa nia ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye mahali hapo, au kwa nia ya kutenda kosa, naye ana hatia. Adhabu ya kawaida ya kosa hili si kubwa, ni kifungo cha miezi isiyozidi mitatu. Pembeni yake lipo kosa la mkusanyiko usio halali, linaloanzia watu watatu: wakikusanyika kwa lengo moja na mwenendo wao ukawafanya walio jirani wahofie, kwa sababu za msingi, kwamba amani itavunjika. Hilo lina kifungo cha hadi mwaka mmoja, na likifikia vurugu adhabu hupanda.

Rudi kwenye neno "kumuudhi". Mimi naona hapo ndipo penye tatizo la sheria hii inapotumika kwa ofisi ya umma. Mwenye nyumba anayeudhiwa sebuleni kwake ana haki ya kulindwa. Lakini bango gani lenye madai ya kweli halimuudhi kiongozi anayedaiwa? Sheria iliyotungwa kulinda shamba na nyumba ya mtu ikihamishiwa kwenye ofisi iliyojengwa kwa kodi, kuudhika kwa ofisa kunageuka kuwa ushahidi dhidi ya mwananchi.

Mahakama ya Rufani ilishatoa kipimo kizuri mwaka 1993 katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun. Kesi ile ilihusu masharti ya kupata ridhaa ya Serikali kabla ya kuishitaki Serikali hiyo hiyo. Mahakama ilisema sheria inayobana haki ya msingi lazima iwe na ulinzi dhidi ya matumizi ya kiholela, na isibane zaidi ya inavyohitajika kufikia lengo halali. Kwa kipimo hicho, kumwondoa mtu anayezuia mlango wa ofisi ni jambo moja. Kumfungulia jinai mtu aliyekaa kimya kwenye benchi la wageni, mlango ukipitika na kazi zikiendelea, ni jambo jingine kabisa.

Hoja ya "jengo ni letu"

Wasikilizaji wengi husimamia hapa: jengo limejengwa kwa kodi na ushuru wetu, kwa hiyo tuna haki ya kukaa ndani yake tutakavyo. Hoja ina nusu ya ukweli. Hata wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya ni ya umma, na hakuna anayetaka vuvuzela mle. Ofisi ya ardhi ni ya umma pia, na mama aliyetoka kijijini tangu alfajiri kufuatilia hati yake naye ni umma.

Nchi nyingine zimelipitia suala hili mahakamani kwa undani kuliko sisi. Marekani, wakati wa harakati za Wamarekani weusi, kesi tatu zilifika Mahakama ya Juu zikiwa na sura karibu moja. Mwaka 1961 wanafunzi 187 waliandamana kwenye viwanja vya bunge la jimbo la South Carolina, wakaimba na kukataa kutawanyika. Mwaka 1963 mahakama ikafuta hatia zao. Mwaka 1964 vijana watano waliingia maktaba ya umma huko Louisiana iliyokuwa ikiwabagua weusi, mmoja akaomba kitabu, kisha wakabaki kimya bila kuondoka. Walikamatwa, na mwaka 1966 hatia zao zikafutwa. Lakini mwaka huo huo wa 1966, wanafunzi wa Florida walioandamana kwenye uwanja wa jela kupinga kukamatwa kwa wenzao walishindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Majengo yote matatu yalikuwa ya umma. Walio wengi mahakamani walisema viwanja vya bunge viko wazi kwa watu, jela inajengwa kwa ajili ya ulinzi. Na wale wa maktaba hawakumsumbua msomaji yeyote.

Karibu zaidi na sisi ni Cape Town. Septemba 2013 wanaharakati waliokuwa wakidai vyoo salama kwa wakazi wa mitaa ya mabanda walijifunga minyororo kwenye vyuma vya ngazi za jengo la halmashauri ya jiji, wakitaka meya awasikilize. Sheria ya huko ilitaka taarifa pale tu watu wanapozidi 15. Walianza 15, wenzao wakajiunga, wakashitakiwa kwa kutotoa taarifa. Novemba 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikatamka kwamba kuitisha mkusanyiko wa amani bila taarifa hakuwezi kuwa jinai. Mamlaka ya jiji ya kulinda mlango wake hayakuondolewa. Kilichoondolewa ni jela kwa kosa la karatasi.

Uganda nako, Juni 2014, vijana wawili waliojitambulisha kama wasio na ajira waliingiza nguruwe wadogo waliopakwa rangi ndani ya viwanja vya Bunge, Kampala, kupinga ulafi wa wabunge. Walikamatwa na kushitakiwa, na askari waliokuwa zamu nao wakawajibishwa. Watu walicheka, lakini ujumbe ulifika mbali kuliko barua yoyote ambayo wangeiacha masjala. Serikali zikitaka watu watumie masjala, inabidi barua za masjala zijibiwe.

Saa 48 nyingine

Tumetaja saa 48 za taarifa kwa polisi. Namba hiyo inatokea tena, upande wa pili.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Hii ndiyo silaha inayotajwa zaidi mwananchi anapojibizana na kiongozi mkutanoni au ofisini. Wengi hawajui ina masharti. Kiongozi lazima awe na sababu za kuamini kwamba mtu huyo atavunja amani, na kwamba hakuna njia nyingine ya kuzuia isipokuwa kumweka ndani. Lazima aandike sababu hizo. Aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya muda huo, la sivyo aachiwe. Na kiongozi anayeitumia vibaya sheria hii anaweza mwenyewe kushitakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka.

"Hakuna njia nyingine" ni sharti zito. Mzee wa miaka 60 aliyesema kwa sauti kubwa kwamba malipo yake yameliwa, bila kumgusa mtu, ana njia nyingi za kushughulikiwa kabla ya selo. Ya kwanza ni kumjibu. Mawaziri wa TAMISEMI kwa nyakati tofauti wamewakemea wakuu wa wilaya wanaoitumia sheria hii kama fimbo, na kukemea huko kunaonyesha matumizi hayo yapo. Nionavyo, sheria hii inapaswa kuondolewa. Polisi tayari wana uwezo wa kumkamata anayevunja amani, na mahakama ipo kwa ajili ya kuamua.

Hata ndani ya Bunge

Mtu anaweza kudhani mipaka hii ni ya wananchi wa kawaida pekee. Januari 27, 2016, waziri wa habari wa wakati huo Nape Nnauye, mbunge wa Mtama hapa hapa mkoani kwetu, aliliambia Bunge kwamba TBC itaacha kurusha vikao vyake moja kwa moja. Wabunge wa upinzani wakagoma kukaa kimya. Mwenyekiti wa kikao aliamuru watolewe na polisi wakaingia ukumbini kuwatoa. Miezi minne baadaye wabunge saba walisimamishwa kutokana na tukio hilo.

Bunge lina haki ya kulinda utaratibu wake, vinginevyo hakuna mjadala unaokwisha. Ila angalia walichokuwa wanapinga: mwananchi wa Ruangwa kunyimwa nafasi ya kumsikia mbunge wake akiongea papo hapo. Utaratibu ulitumika kufunga mjadala kuhusu kufunga mjadala.

Milango ikifungwa yote

Wanaosema sheria kali ndiyo kinga ya majengo ya serikali waangalie jirani zetu na sisi wenyewe. Januari 2013, wakati wa mgogoro wa bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, vurugu zilifika Masasi na mali za serikali na nyumba za viongozi zikachomwa, watu wakafa. Aprili mwaka huo ikawa zamu ya Liwale. Wakulima wa korosho waliokasirishwa na malipo pungufu kuliko walivyotarajia walichoma nyumba, zikiwemo za viongozi. Liwale ni mkoa wetu, na leo iko na Ruangwa na Nachingwea katika chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI. Hata jina ni silabi za wilaya hizo tatu.

Kenya, ambayo katiba yake inataja wazi haki ya kuandamana na kupeleka malalamiko kwa mamlaka, waandamanaji waliingia ndani ya Bunge tarehe 25 Juni 2024 kupinga muswada wa fedha. Sehemu ya jengo ikashika moto na watu wakapigwa risasi. Mwaka uliofuata ukaletwa muswada wa kupiga marufuku mikusanyiko ndani ya mita 100 kutoka Bunge na majengo mengine yaliyolindwa. Kwetu, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, ofisi za serikali na vituo vya polisi viliteketezwa katika miji kadhaa, watu walipoteza maisha na intaneti ikazimwa. Kuchoma ofisi si kutoa maoni, na hakuna ibara ya Katiba inayolinda kiberiti. Wanaoumia kwanza ofisi ya kata ikiungua ni wenye majalada mle ndani. Lakini mita 100 hazimjibu aliyekwenda pale na swali.

Pale ambapo sauti yako ni haki, si fadhila

Kuna vyumba na viwanja vya umma ambamo sheria inakupa nafasi ya kuongea, na inasikitisha kuona vingi vikiwa vitupu.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wa kwanza. Chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na unapaswa kufanyika walau kila baada ya miezi mitatu. Hapo husimami kama mgeni au mwandamanaji. Unasimama kama mwenye mamlaka: mapato na matumizi lazima yasomwe mbele yako, na unaweza kuyakataa. Vijiji vyenye mazungumzo ya fidia na kampuni za madini ya kinywe kule Ruangwa, au vinavyolala macho kwa ajili ya tembo upande wa Nachingwea, vina nguvu zaidi kwa muhtasari wa mkutano uliosainiwa kuliko kwa watu 30 waliokaa korido. Muhtasari huo hauwezi kushitakiwa kwa kuingia kwa jinai.

Wa pili ni mkutano mkuu wa AMCOS. Ukiwa mwanachama, bodi ni waajiriwa wako wa heshima.

Wa tatu ni mnada wenyewe. Wakulima wa kusini wameutumia kwa namna ambayo wanasheria wangeuita maandamano kama usingekuwa sehemu ya biashara: bei inasomwa, uwanja mzima unasema hatuuzi, wanunuzi wanarudi na bei zao. Oktoba 2018 kukataa huko kulisambaa mpaka Serikali ikaingilia, na Novemba Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Yaliyofuata, uhakiki na malipo yaliyochelewa, ni habari nyingine. Ila siku ile hakuna aliyekamatwa kwa kusema "hatuuzi", ingawa viongozi wa wilaya walikuwepo meza kuu.

Wa nne ni Baraza la Madiwani, na hapa tahadhari. Vikao vyake vya kawaida viko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, kwa hiyo askari wa getini hana sababu ya kukuzuia kuingia kusikiliza. Lakini wewe ni msikilizaji. Ukisimama na kuongea bila kuruhusiwa, mwenyekiti ana haki ya kukutoa. Swali lako lipitie kwa diwani, kwa maandishi, mapema, na ubaki na nakala.

Nakala hiyo ina kazi. Barua inayopelekwa ofisi ya DC, ya mkurugenzi au ya OCD ipelekwe nakala mbili, na moja irudi kwako ikiwa na mhuri wa kupokelewa, tarehe na saini. Akikataa kupiga mhuri, andika jina la ofisi, saa uliyofika na nani alikuwepo. Kama ni taarifa ya maandamano, saa 48 zinahesabiwa kabla ya muda wa kuanza, si kabla ya siku yenyewe: ukitaka kuanza Jumatano saa tatu asubuhi, barua iwe imepokelewa kabla ya Jumatatu saa tatu asubuhi. Na mkifika ofisini, waingie wawili au watatu wenye barua, wengine wabaki nje ya geti mlango na njia vikiwa wazi. Mkiambiwa muondoke, ulizeni kwa sauti ya kawaida ni nani anayeamuru na kwa sheria ipi, jibu liandikwe, kisha mwondoke.